Tukague Paa Mvua Ikinyesha

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Dodoma, makao makuu ya nchi yetu, hupata chini ya milimita 600. Pamoja na tofauti hiyo kubwa, darasa la shule ya Serikali linalojengwa Bukoba au Muleba hujengwa kwa ramani ile ile inayotumika Dodoma. Hatuna ugomvi na ramani hiyo. Ramani moja kwa nchi nzima imerahisisha hesabu, imewawezesha mafundi wa vijijini kuishika kazi, na imepunguza mianya ya ujanja. Tunachosema ni kwamba jengo likiisha kukabidhiwa, mvua ya kwetu huanza kulihesabia miaka kwa haraka zaidi, na hapo ndipo wajibu wa mkoa wetu unapokuwa mzito kuliko wajibu wa mikoa mingine.

Hebu tupige hesabu ndogo. Paa la darasa moja, pamoja na kingo zake, laweza kuwa na eneo la mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa hilo moja, likiwa mjini Bukoba, hupokea lita 160,000 kwa mwaka. Shule ya sekondari ya bweni yenye madarasa, mabweni, maabara, bwalo na nyumba za walimu, tuseme mapaa 40 ya kiasi hicho, hupokea zaidi ya lita milioni sita. Maji hayo hayana njia ila mbili. Ama yataongozwa kwa mifereji hadi kwenye matangi na mitaro, ama yatajitafutia njia yenyewe. Na maji yakijitafutia njia hupita kwenye dari, kwenye ukuta, kwenye msingi, na mwisho kwenye kile kipande cha lami kinachotoka getini hadi ofisi ya Mkuu wa Shule.

Ndiyo sababu leo tunazungumzia paa na njia za ndani kwa pamoja, ingawa katika ofisi nyingi mambo hayo mawili hukaa katika mafaili mawili na pengine katika idara mbili zisizosalimiana.

Bati halifi kwa siku moja. Huanza kwenye tundu la msumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua la miaka kadhaa, upepo wa ziwani hulitikisa bati kidogo kidogo, tundu hupanuka, na tone la kwanza hupenya. Tone hilo halionekani darasani, kwa sababu hunywewa na papi, yaani ule ubao ambao bati limepigiliwa juu yake. Ubao uliolowa hukaribisha kuoza na mchwa, msumari haushiki tena, bati huinuka, na ule upepo unaotangulia mvua za alfajiri kutoka Ziwa Victoria ukija kwa nguvu, huondoka na upande mzima wa paa. Siku hiyo itaandikwa taarifa kwamba upepo mkali umeezua darasa, na Kamati ya Maafa itaitwa. Kwa hakika upepo ulimaliza tu kazi iliyoanzwa na msumari miaka mingi nyuma, msumari ambao fundi mmoja mwenye ngazi angeubadilisha kwa muda wa kuvuta sigara moja.

Mifereji ya paa, ambayo mafundi huiita gata, ina habari ya kusikitisha zaidi, kwa sababu haihitaji hata fundi. Majani ya mikaratusi na miembe huijaza, maji hufurika na kurudi nyuma, na ubao wa ukingo wa paa huoza huku mfereji wenyewe ukiwa mzima kabisa. Shule ina tangi la maji lililo tupu chini ya paa linalomwaga maji pembeni, na watoto wanapita na ndoo wakienda mtoni. Tumeyaona hayo katika shule zaidi ya moja, na hatutazitaja, maana walimu wake wakuu wangetuuliza, kwa haki kabisa, kasma ya kusafishia mifereji iko ukurasa gani wa bajeti.

Kuhusu njia za ndani, wako wanaodhani kwamba lami huharibiwa na magari. Lami huharibiwa na maji yakisaidiwa na magari. Ufa mdogo huruhusu maji kushuka kwenye tabaka la changarawe lililo chini. Changarawe ikilowa hulegea. Lori la mahindi au la kuni likipita, lami iliyokosa mgongo huvunjika, na shimo huzaliwa. Vitofali vya saruji vinavyotandikwa siku hizi katika viwanja vya hospitali na ofisi hufuata njia hiyo hiyo: mchanga ulio chini huchukuliwa na maji, kitofali kimoja huzama, jirani yake hukosa pa kuegemea, na baada ya masika mbili kiwanja kizima hufanana na meno ya mzee. Katika shule huo ni usumbufu. Katika hospitali ni zaidi ya usumbufu. Hospitali zetu nyingi, zikiwamo zile kongwe zilizoanzishwa na misheni, zimejengwa kwa mtindo wa wodi zilizotawanyika, na baina ya wodi na chumba cha upasuaji kuna njia ambayo mgonjwa hupitishwa akiwa amelala kitandani. Mama aliyetoka kupasuliwa hapaswi kuhesabu mashimo kwa maumivu ya mshono wake.

Wahandisi wa barabara wanajua kwamba njia ya lami hushuka ubora wake taratibu kwa miaka mingi, kisha hufika mahali inaporomoka ghafla. Anayeziba nyufa kabla ya mahali hapo hulipa kidogo; anayengoja hulipa gharama ya kujenga upya. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti juu ya barabara za nchi 85 zinazoendelea, ikaeleza kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matengenezo, na kwamba hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa matengenezo ya kinga yasiyofikia dola bilioni 12. Sisi si watu wa kuimeza kila tarakimu itokayo Washington, lakini hesabu hii inaafikiana na kile ambacho macho yetu yameona.

Taifa letu lenyewe liliisoma hesabu hiyo na likachukua hatua. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, Mfuko wa Barabara uliundwa, na sheria ikaamuru kwamba angalau asilimia 90 ya fedha zake zitumike kwa matengenezo na dharura za barabara, na zisizozidi asilimia 10 ndizo ziende kwenye ujenzi mpya. Kila anayenunua lita ya mafuta, awe mwenye basi la Mwanza au kijana wa bodaboda wa Kamachumu, huchangia mfuko huo. Leo barabara inayopita mbele ya shule ina mwenyewe: ni TANROADS ikiwa barabara kuu au ya mkoa, au ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ikiwa ya wilaya, ya mji au ya kijiji. Lakini mfuko huo ni wa barabara za umma zilizoorodheshwa, na orodha hiyo huishia nje ya geti la shule. Ukivuka geti, ile njia ya mita mia nne inayofika bwaloni haina mfuko wala sheria. Na paa, ambalo ni ghali kuliko njia, halina lolote kati ya hayo. Wakala wa Majengo ulioanzishwa mwaka 2002 kazi yake kubwa ni nyumba na ofisi za Serikali. Madarasa ya halmashauri yameachiwa halmashauri, nayo halmashauri huwaachia walimu wakuu.

Sasa tuangalie mkono wa mwalimu mkuu umeshika nini. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi, hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada, na Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Katika ruzuku hiyo zimo gharama za vitabu, chaki, mitihani, michezo na matengenezo. Tuchukue shule ya msingi ya wanafunzi 600 na madarasa 12. Ruzuku yake yote kwa mwaka ni shilingi milioni sita. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba mwenye majengo ya umma atenge kila mwaka kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Tuchukue kile kima cha chini, asilimia 2, na tulithaminishe darasa moja kwa shilingi milioni 20, bei iliyotumika mwaka 2021. Madarasa 12 ni shilingi milioni 240, na asilimia 2 yake ni shilingi 4,800,000. Yaani mwalimu mkuu akitaka kuyatunza madarasa yake ipasavyo, atabaki na shilingi 1,200,000 za kuwafundishia watoto 600 mwaka mzima. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayefanya hivyo, wala hatupaswi kumtaka afanye. Ni dhahiri basi kwamba jambo hili haliwezi kuondolewa mabegani mwa halmashauri likawekwa mabegani mwa shule, kisha shule ikalaumiwa.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa upande wa pili inatia moyo. Asilimia 2 ya darasa la shilingi milioni 20 ni shilingi 400,000. Kwa hiyo bei ya darasa moja jipya inatosha kutunza madarasa 50 kwa mwaka mmoja. Halmashauri inayopanga kujenga madarasa sita, ikijenga matano na la sita ikaligeuza misumari, mabati, mifereji na saruji, itakuwa imepoteza darasa moja kwenye taarifa na kuokoa mengi ambayo yangeanza kufa bila kutangazwa.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watoto wamejaa, wengine hukaa sakafuni, na wazazi wanadai madarasa. Je, ni haki kununua mifereji? Swali hilo lina uzito, na anayelibeza hajaketi katika mkutano wa kijiji. Lakini darasa lililofungwa kwa sababu ya paa nalo huongeza msongamano, tena bila kuonekana katika hesabu, kwa kuwa taarifa huonyesha madarasa yaliyojengwa na si madarasa yanayotumika. Wazazi wale wale waliosomba mawe na mchanga, waliochanga shilingi moja moja tangu enzi za Azimio la Musoma la 1974 ili kila mtoto apate nafasi darasani, hawakuchangia bati lichakae kwa uzembe. Jengo la umma ni amana. Aliyepewa amana haulizwi ni nzuri kiasi gani siku aliyoipokea. Huulizwa iko katika hali gani siku anayoirudisha.

Kuna jambo jingine linaloifanya shauri hili kuwa la haraka. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ya Awamu ya Sita ilijenga nchini kote madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache. Mkoa wetu ulipata mgawo wake, na wananchi waliupokea kwa furaha iliyo halali. Kazi nyingi zilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, na mafundi wetu wenyewe, na ilikuwa heshima kwao. Lakini madarasa yaliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Mpira wa msumari utakaokauka katika shule moja ya Muleba utakauka karibu mwaka huo huo katika shule zote za Muleba zilizojengwa wakati ule. Asiyejiandaa atajikuta ana madarasa ya kata nzima yanayovuja katika masika moja, na fedha za kukarabati darasa moja. Anayeanza leo, wakati mabati hayo bado yanang'aa, anao muda wa kuyagawa kwa mafungu na kuyashughulikia kwa zamu.

Wala tusidhani kwamba ni nchi maskini peke yake inayoshikwa na usahaulifu wa namna hii. Nchini Uingereza, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990, shule na hospitali nyingi ziliezekwa kwa mbao za zege jepesi lenye vipovu vya hewa, ambalo umri wake wa kufaa ulikadiriwa kuwa kiasi cha miaka 30. Miaka ikapita, daftari halikufunguliwa. Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi huko Kent liliporomoka. Kwa bahati ilikuwa siku ya mapumziko ya mwisho wa juma. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, zaidi ya shule 100 ziliamriwa kufunga majengo yao kwa hofu ya paa. Nchi ile ina wahandisi kuliko sisi, na ina fedha kuliko sisi. Iliyokosekana ni orodha iliyo kamili ya jengo lipi lina paa gani na la mwaka gani.

Sisi wa Kagera tunayo kumbukumbu yetu. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu, likaua watu wasiopungua 17 na kuangusha nyumba zaidi ya 2,000. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada uliotoka pia katika Serikali ya Uingereza, na Rais John Magufuli akaizindua Januari 2021. Hatusemi hata kidogo kwamba msumari mpya ungelizuia tetemeko. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kabla ya elimu ya nondo na mikanda ya zege kufika vijijini, na hilo halitibiwi kwa kupanda ngazi. Tunasema tu kwamba ukuta uliolowa miaka kumi na kenchi iliyoliwa na mchwa huingia katika siku kama ile vikiwa vimeshindwa tayari, na kwamba mtu akipanda darini kukagua msumari ataiona pia kenchi iliyopasuka, nyufa juu ya dirisha, na pengine zile bati za zamani za asbesto ambazo hazifai kuvunjwavunjwa na kijana asiye na kinga ya pumzi, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Hatua zinazotakiwa si ngumu, na kwa mkulima wa mkoa huu si ngeni. Kibanja cha migomba kilichorithiwa vizazi vingi hakikuishi kwa bahati. Kila mwaka huongezewa samadi na nyasi zilizokatwa rweya, huondolewa majani makavu, hupunguzwa machipukizi. Msonge wa wazee wetu uliezekwa kwa nyasi katika mvua hii hii, na mwenye nyumba alijua ni upande gani ulioanza kunyauka. Alibadilisha upande huo, hakungoja nyumba nzima. Mafiga yaliwaka ndani, na moshi ukafukuza wadudu kwenye nyasi. Huo ulikuwa mpango wa matengenezo, ingawa haukuandikwa.

Wa kwetu sharti uandikwe, kwa sababu mwalimu mkuu huhamishwa na Mkurugenzi huhamishwa, na jengo halihamishwi. Kila shule, kila chuo na kila hospitali iwe na daftari moja la majengo. Kila jengo lipewe namba na ukurasa wake: liliezekwa mwaka gani, kwa bati la geji gani, na fundi yupi, misumari ilikazwa lini, mifereji ilisafishwa lini, njia inayopita mbele yake ni ya lami, ya vitofali au ya changarawe, na maji yake huelekea wapi. Daftari hilo halihitaji kompyuta, ingawa mwenye kompyuta asizuiwe. Likabidhiwe kwa maandishi pamoja na funguo na muhuri, na Bodi ya Shule au Kamati ya Shule ilione kila muhula.

Sasa tunakuja kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni kalenda. Kiangazi chetu ni kati ya Juni na Agosti, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia humo. Huo ndio wakati wa kupanda juu ya paa na wa kutandika lami. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Fedha iliyoidhinishwa hungoja kufunguliwa kwa mafungu, kisha hungoja zabuni, kisha hungoja mzabuni kupeleka vifaa; na kabla bati halijafika Nshamba au Kemondo, mawingu ya vuli yamekwisha kusimama juu ya ziwa. Matokeo yake fundi huezeka huku mvua ikimnyeshea, au kazi huahirishwa, na Juni ya pili ikifika fedha hurudi Hazina kwa kutotumika. Mtu asiyejua ataita jambo hilo uvivu. Sisi twaliita kalenda iliyopangwa kwa kiangazi cha watu wengine.

Dawa yake ni kuirudisha kazi nyuma. Halmashauri huandaa makisio ya mwaka unaofuata kati ya Novemba na Februari, na Novemba ni mwezi wa mvua kwetu. Basi ukaguzi wa mapaa ufanywe Oktoba na Novemba, mvua ikinyesha. Tunaona mara kwa mara timu za ukaguzi zikipita mwezi wa Julai, jua likiwaka, zikitazama dari kavu na kuandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Paa linalovuja halijisemi wakati wa kiangazi. Mvua inapoanza, mwalimu wa zamu apite darasa kwa darasa na kipande cha chaki, azungushie duara kila mahali panapodondoka, aandike namba ya jengo na tarehe. Mvua ikikatika, baada ya nusu saa, atembee njia za ndani: popote maji yaliposimama ndipo lami itakapovunjika, basi papigwe kigingi. Kazi hii haihitaji mhandisi. Mhandisi wa halmashauri aje baadaye, akiwa na orodha ya shule zote mkononi, atenge yale yasiyoweza kungoja, yale ya kiangazi kijacho, na yale ya miaka miwili mitatu, kisha aweke bei. Bei hiyo iingie katika makisio ya Januari. Nyaraka za zabuni ziandaliwe Aprili na Mei, wakati masika inaponyesha na hakuna kazi nyingine ya kufanya juu ya paa, ili fedha ikifunguliwa Julai ikute karatasi zimekwisha kutiwa sahihi na fundi amekwisha kupatikana. Pale panapowezekana, mapato ya ndani ya halmashauri yatangulie kununua misumari na mabati kabla ya Juni 30.

Kuhusu mapato hayo ya ndani tunalo pendekezo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, iliyorekebishwa mwaka 2018, iliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walikuwapo waliosema haitawezekana, na imewezekana, pamoja na kasoro zake. Mabaraza ya Madiwani ya Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba na Wilaya ya Muleba hayahitaji kungoja Bunge ili yajiwekee, kwa azimio lao wenyewe, fungu dogo lisilogusika kwa ajili ya matengenezo ya kinga. Liwe dogo mwanzoni. Liwe na jina lake katika vitabu, lisifichwe ndani ya "mengineyo", maana kilichomo ndani ya "mengineyo" huliwa na mengineyo.

Na rangi isihesabiwe. Tumeona majengo yakipakwa rangi usiku kucha kwa sababu kesho yake kuna mgeni, huku juu ya rangi hiyo ubao wa ukingo wa paa ukining'inia. Mwenge wa Uhuru, ambao kilele cha mbio zake za mwaka 2022 kilifanyika hapa Bukoba, huweka mawe ya msingi na kuzindua miradi mipya, nalo ni jambo jema. Hatujapata kusikia Mwenge ukisimamishwa mahali ili uoneshwe gata iliyosafishwa kwa miaka kumi mfululizo. Tungependa kusikia. Wajumbe wa Chama wanaokagua utekelezaji wa Ilani wanao uwezo wa kuuliza, mara tu baada ya idadi ya madarasa mapya, ni mangapi ya zamani yaliyofungwa tangu ziara iliyopita, na kwa nini.

Mikono ya kufanya kazi haikosekani. Chuo cha VETA cha Mkoa kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China hufundisha vijana ufundi, na kijana wa uashi au wa mabomba anahitaji mahali pa kufanyia mazoezi; mapaa ya shule za jirani yako tele, chini ya usimamizi wa mwalimu wake na akiwa na kamba kiunoni. Wanafunzi wa shule wenyewe wanaweza kufyeka majani ya mitaroni na kuzibua makalavati, kama Elimu ya Kujitegemea ilivyotaka tangu mwaka 1967, lakini wasipandishwe juu ya paa. Hilo tunalikataza waziwazi. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoanza kujengwa mkoani mwetu chini ya mradi wa HEET, mradi wa taifa zima uliopewa dola milioni 425 na Benki ya Dunia, nayo inayo nafasi ambayo Ihungo na Nyakato hazikuipata: kufungua daftari lake siku ya kukabidhiwa, kabla msumari wa kwanza haujalegea.

Mwongozo wa bajeti ukishatolewa, Kamati za Fedha, Uongozi na Mipango za halmashauri zetu zitaketi. Tunazishauri zidai, kabla ya kujadili darasa lolote jipya, orodha ya majengo yote ya shule, zahanati na hospitali, yenye mwaka wa paa la kila moja na idadi ya maduara ya chaki yaliyokutwa ndani yake wakati wa vuli. Halmashauri itakayoikosa orodha hiyo iwape Watendaji wa Kata siku 14 za kuileta, na kikao kiahirishwe hadi hapo. Mvua ya kuwasaidia kuiandika itakuwa bado inanyesha.